Viraka vya Ndani: Risala ya Wazibua Mitaro Kuhusu Poncho za Mvua

Mgeni rasmi, Mkuu wa Bohari, Msimamizi wetu, ndugu wafanyakazi:

UKARIBISHO
Karibu karakanani kwetu. Tunajua umekuja kutia saini ununuzi wa poncho za dukani kwa kikosi kizima. Kabla kalamu haijagusa karatasi, tunaomba utusikilize.

HISTORIA
Msimu wa mvua uliopita wewe ulitugawia poncho ishirini za jeshi na ishirini za dukani, tukueleze zipi zinadumu. Za jeshi zilinuka turubai, na aliyevaa mojawapo mara ya kwanza alitembea kama mtu aliyebeba mlango. Za dukani zilikuwa nyepesi, zinang'aa, zinakunjika hadi mfukoni. Tulizigombania bila haya.

MAFANIKIO
Za jeshi zimekwaruzwa na zege, zimenaswa na nondo, na moja ilitumika kumbeba mwenzetu aliyeteguka mguu. Haikuchanika hata moja. Tunazivulia kofia.

Ripoti yetu ilisema za dukani nazo zilirudi nzima. Ni kweli, zilirudi nzima.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, kosa ni letu. Yule mama aliyeketi mstari wa mbele, tunayemwita Sindano, ndiye mtunza stoo wetu. Kila poncho ya dukani ilipochanika, aliishonea kiraka kwa ndani, akauziba mshono kwa gundi, akaitundika mahali pake. Hakusema, nasi hatukuuliza. Mkaguzi wetu wa vifaa alikuta nguo nzima, akaandika kwenye ripoti alichokiona. Juzi tulipombana Sindano, alijibu tu:

"Ningemwachaje mwenzangu alowe mgongo, na uzi ninao?"

Tulicheka, kisha tukatambua kwamba wema huo ulikuwa karibu kutulowesha miaka yote ijayo. Ni yeye mwenyewe aliyetaka haya yasomwe mbele yako, na kwa hilo tunamheshimu zaidi.

MAOMBI
Ombi ni moja: poncho za jeshi zibaki, na nyingine kama hizo ziletwe. Uzito wake tumeshauzoea. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; hapa kwetu kibaya kilitembezwa na fundi hodari.

Ushahidi uko mezani kwako, poncho ya dukani namba saba. Nje imenyooka. Tafadhali ipindue. Tumehesabu viraka thelathini na kimoja, na hakuna hata kimoja kinachovuja.

Mwenyezi Mungu akujalie paa lisilovuja na kalamu isiyo na haraka.

Ni sisi,
Kikosi cha Wazibua Mitaro, Zamu ya Asubuhi, pamoja na Sindano.