Nani Alimpiga Nguruwe?

"Mchezo unaojipigania wenyewe si kazi ya mtu."

Mniwie radhi kwa kuitanguliza sentensi hiyo mbele ya salamu. Imenikaa kooni wiki saba, na nisingeweza kumsalimia mtu nikiwa nayo. Imo katika barua ya jopo la tathmini la chuo hiki, aya ya tatu, na kwa sababu yake kuna mtu hapa leo hana joho. Nimekuja kuibomoa. Lakini heshima kwanza.

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Bodi Ndugu Rodrick, Baba Paroko, Shehe wetu, Mkuu wa Chuo na wakufunzi wako, Ndugu wageni waalikwa, wazazi mliotoka Maguu, na ninyi mliopanda milima kutoka Mbaha na Ngumbo na vumbi la njia bado liko kwenye viatu, wahitimu kumi na watatu, ambao mlipaswa kuwa kumi na wanne: Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Mnanijua. Mimi ni Mwalimu Eunice, niliyeletwa Mbinga na barua ya uhamisho kutoka Singida miaka ishirini na miwili iliyopita. Nafundisha Kiswahili sekondari, na katika mji huu nimegombana na wenye spika, nimegombana na wenye mashine za kubahatisha, nimegombana hata na kwaya kwa sababu ya "l" na "r". Siku zote nimesimama nikijua ninachokisema. Leo sijui vizuri, na nawaomba mnivumilie, maana mtu aliyezoea kupiga kelele akichanganyikiwa hupiga kelele zaidi.

Tadea, binti wa Mama Walburga wa Maguu, amekaa pale safu ya pili, upande wa wazazi, amevaa kitenge. Kazi yake ya kumalizia masomo ilikuwa mchezo wa kompyuta. Ni ile wanayoiita michezo ya wahusika: unapewa watu, unawalea, wanapata nguvu kadiri safari inavyosonga. Watu wake ni watatu, mkulima wa kahawa, mvuvi na nesi, nao wanashuka kwa miguu kutoka Maguu hadi Ngumbo kupeleka dawa ziwani. Njiani kuna nguruwe pori mkubwa kama pikipiki. Vita ikianza, kinatokea kitufe kimoja chekundu kilichoandikwa JIPIGANIE.

Sasa nawauliza, ndugu zangu, neno hilo anaambiwa nani? Mimi ni mwalimu wa lugha. Nikikaa mbele ya kompyuta, nikasoma "jipiganie", najua naambiwa mimi. Siku ya tathmini, mbele ya jopo na wanafunzi wote, nilikibofya kwa kipanya, nikaivuta kibodi, nikapigana. Nilibonyeza kwa vidole kumi. Nilibonyeza mpaka miwani ikanishuka puani. Mkulima akarusha panga, nikabonyeza. Mvuvi akatupa wavu, nikabonyeza. Nesi akamfunga mvuvi bandeji, nikabonyeza kwa huruma. Nguruwe akaanguka. Nikainuka nikiwa nimenyoosha mikono yote miwili juu, na Mwenyekiti Rodrick, nakushukuru kaka yangu, ukapiga makofi kweli kweli.

Ndipo Goodluck (usijifiche nyuma ya kofia yako ya mahafali, Goodluck, nakuona) akasema kwa adabu zake zote: "Mwalimu, samahani. Kibodi haijachomekwa."

Waya alikuwa ameushika mkononi.

Chekeni. Siku ile walicheka wote, na Mwenyekiti alikuwa bado anapiga makofi. Tadea peke yake hakucheka. Alinieleza taratibu kwamba kitufe kile hakimwambii mchezaji. Kinamwambia kila mmoja wa wale watatu. Mchezaji anaandika amri zake kabla ya vita: wewe fanya hivi adui akikaribia, wewe rudi nyuma damu ikipungua. Vita ikianza, yeye anaondoa mikono. Amri nilizozikuta siku ile alikuwa ameziandika Tadea mwenyewe.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mimi nimefanya nini?"

Akajibu, "Umebofya, Mwalimu."

Siku hiyohiyo, vidole vikiwa bado vinauma, mimi mjumbe wa jopo niliiandika aya ya tatu. Ndiyo. Mpinzani niliyekuja kumbomoa leo ni mimi. Niliiandika kwa Kiswahili safi, Mwenyekiti akaweka sahihi chini ya yangu, na binti akanyimwa cheti. Nilisema natetea jasho la mtu na kwamba mashine isisifiwe kwa kazi isiyo yake. Yote hayo naweza kuyatetea mpaka kesho. Lakini hayo hayakuwa sababu. Sababu ilikuwa aibu yangu na waya mkononi mwa Goodluck.

Barua niliipeleka Maguu mwenyewe, kwa sababu nikimfelisha mtu namtazama usoni. Niliwakuta mama na binti shambani, mteremkoni, wanachimba ngolo. Sisi tuliotoka mikoa mingine tunayaona yale mashimo kila siku na hatuyajui: wanalaza nyasi kwa miraba, wanachimba katikati ya kila mraba, udongo wanaufukia juu ya nyasi, na mlima mzima unabaki na vishimo kama sega la nyuki. Nikasubiri. Mvua ikatukimbiza ndani mchana kweupe, mvua ya kubomoa ukuta. Mama Walburga akatenga ugali na maharage, akanawa, akaanza kula.

Nikamwambia, "Mama, shamba linakwenda na maji!"

"La nani? Labda la kwenu huko Singida."

"Huendi hata kuangalia?"

"Nikaangalie nini, Mwalimu? Nisimame kwenye kila shimo na mwavuli? Kula, ugali unapoa."

Mvua ilipokatika tulitoka. Kila shimo lilikuwa limeshika maji yake, na udongo uko palepale. Sasa, wakati mvua ile inapigana na mlima, mama yule alikuwa anakula. Je, hakulima? Nani angethubutu kumwandikia barua kwamba shamba linalojipigania si kazi ya mtu? Barua ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilimpa Tadea, kwa sababu ilikuwa ya kwake, lakini sikuweza kumtazama usoni kama nilivyokusudia.

Aliisoma hadi mwisho. Akasema, "Mwalimu, amri za siku ile zilikuwa zangu. Njoo kwenye kompyuta uandike zako."

Nikaenda. Nikamwandikia nesi: "Mtibu aliyeumia zaidi." Amri fupi, sarufi haina kasoro. Nikabofya. Mkulima akachomwa pembe, mvuvi akalala chini, na nesi akawaruka wote wawili, akaenda kumfunga bandeji nguruwe.

"Tadea! Nesi wako ana wazimu!"

"Hana, Mwalimu. Amekutii. Aliyeumia zaidi ni nani?"

Ni kweli. Katika Kiswahili, nguruwe naye ni "aliyeumia". Mtu na mnyama wote tunawapa kiambishi kimoja, nalifundisha jambo hilo kila mwaka kidato cha kwanza, na likanipiga mimi. Tadea alikuwa ameandika: "Mtibu mwenzako aliyeumia zaidi." Neno moja tu, mwenzako. Kwa neno hilo nesi wake anaokoa watu. Kwa kulikosa, nesi wangu anauguza nguruwe. Nimerudia vita ile mara kumi na moja, kila mara kwa amri zangu mwenyewe, kibodi ikiwa imechomekwa, na nimeshindwa mara kumi na moja.

Lakini msidhani nimeokoka nikawa mhubiri wa upande wa pili. Nimewaona vijana pale stendi wameegemeza simu kwenye chupa ya soda, mchezo unapigana peke yake, wao wanapiga soga, halafu wanatambiana ngazi waliyofika. Nilimuuliza Goodluck alimshinda nani kufika ngazi ya sitini. Akasema, "Sijui, Mwalimu, nilikuwa nakula chipsi." Mama Walburga alikuwa anakula na Goodluck alikuwa anakula: mbona mmoja namheshimu na mwingine nataka kumchapa? Kwa sababu mmoja alichimba? Na kama Goodluck angeziandika mwenyewe zile amri, chipsi zake zingekuwa halali? Na yule anayebofya kila pigo kwa mkono wake bila kufikiri, yeye ndiye anayeongoza, au vidole vinamwongoza? Siku ile nguruwe alipoanguka, nani alimpiga: mimi niliyebofya, Tadea aliyeandika, au wale watatu ambao hawapo duniani? Nimesoma vitabu vingi, nimekaa na swali hili wiki saba, na nawaambia mbele ya Paroko na Shehe: sijui.

Ninachokijua ni kidogo. Kutojua kwangu si kosa la Tadea. Jopo likichanganyikiwa, liandike "tumechanganyikiwa", lisiandike "amefeli". Na mtu aliyelitafuta neno moja mpaka akalipata, halafu akaondoa mikono bila hofu, amefanya kazi.

Wahitimu, hongereni. Wazazi, poleni na hongereni. Nawashukuru wote kwa kunipa masikio yenu, hata mliocheka. Lakini sitakaa, kwa sababu bado nina neno kwa mtu mmoja.

Ndugu Rodrick, barua ile ilikuwa na sahihi mbili. Ya kwangu nimeifuta hapa, na karatasi ya kuifuta rasmi ni hii. Imebaki ya kwako. Joho la kumi na nne limo kwenye kabati la ofisi yako, na ufunguo uko mfukoni mwako, naona unaupapasa. Kalamu hii hapa. Hili, Mwenyekiti, halina kitufe. Inuka.