Doa la Chai Ukurasa wa Thelathini na Moja

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate, linatazamana na ukumbi wa mji, na mwezi wa Juni hukai hapo bila koti. Tuko wanne. Kuna Daktari, ambaye hajawahi kutibu binadamu. Alikuwa wa ng'ombe na kondoo mpaka mgongo ukagoma. Kuna Bi Thelma, tunamwita Posta, maana kachambua barua miaka thelathini na mpaka leo akiona bahasha mikono inamwasha. Mimi ni Mizani: nilipima shayiri ya wakulima kwenye maghala kule relini. Wa nne ni Nevil Tregenza, fundi wa mabomba ya maji, anayeandika michezo ya jukwaani usiku. Huyo ni Pazia.

Jumanne hiyo Pazia alikuja na bahasha ya kaki, akaiweka kwenye benchi upande wa pipa la taka. Mchezo wake ulikuwa umerudishwa na jumba la michezo la Adelaide. Ni mchezo wake wa nne kurudishwa. Akatuambia, bila kupandisha sauti, kwamba kabla ya saa sita ataipeleka mashine yake ya taipu kwenye duka la mitumba la kanisa, basi yaishe. Barua yenyewe ilikuwa mistari miwili: tumeusoma kwa hamu, hautufai msimu huu.

Posta alishazichomoa karatasi zote, anazipekua moja moja.

— Hawajausoma wote, akasema. Tazama hapa, ukurasa wa thelathini na moja. Doa. Kuanzia thelathini na mbili kweupe, hata kukunjika hamna.

Daktari akavaa miwani, akanusa.

— Chai hii. Ya maziwa. Tena kikombe kilikaa muda, ona duara lilivyokolea. Mtu alisinzia hapa.

— Umpe moyo mwenzio, bwana, sio kumzika, nikamwambia.

— Mie nasema ninachokiona. Ng'ombe akifa simwambii mwenyewe kalala.

Posta alikuwa kwenye mhuri wa bahasha. Akatuonyesha tarehe: mchezo ulikaa Adelaide wiki saba, na wiki saba si za mtu mmoja. Ulipita mikononi mwa watatu, akasema, wawili wakautaka, wa tatu ndiye mwenye chai, na hao wawili walipomnyang'anya ndipo ikamwagika.

— Ikimwagika inafanya michirizi, akasema Daktari. Hili duara.

— Basi walimnyang'anya polepole.

Hata Pazia alitaka kucheka, akajizuia. Nikaona niingie na mimi. Nikamwambia miaka ishirini na sita nimerudisha malori ya shayiri pale getini, unyevu umezidi, na hakuna hata mkulima mmoja niliyemchukia. Lori zima limejaa, mimi natia bambo, ule mrija wa kuchotea punje, mara moja, natoa punje kiganjani, natafuna, nasema geuza. Wengine walikwenda kuanika, wakarudi Alhamisi nikawapokea.

— Msimu huu maana yake msimu huu, Pazia. Anika, urudi.

— Mchezo unaanikwaje, Mizani?

Daktari akaniokoa kwa jambo jipya: kumbe hakuna aliyesinzia. Wameunakili. Kikombe kiliwekwa kushikilia karatasi zisipeperuke wakati mtu ananakili, na mwakani tutausikia unachezwa Melbourne kwa jina la mtu mwingine, watu wamepanga foleni ya tiketi mpaka nje.

— Kwa nini aishie thelathini na moja? Pazia akauliza.

— Iliyobaki aliitunga mwenyewe. Wezi wana haraka.

Posta akakubali mara moja, akaongeza kuwa mwizi ni mwanamke, kwa sukari ile iliyoganda kwenye doa. Ikawa wanabishana vijiko viwili au vitatu, na Pazia akawa ameinuka, anakusanya karatasi zake.

Hapo ndipo alipotoka Marlene na birika. Ana siku tatu tu dukani, hata majina yetu hajayashika. Akamimina vikombe, akaliona lile doa, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya mkate:

— Kwani hapo kuna nini? Huo ukurasa wa thelathini na moja.

Daktari akavua miwani. Posta, ambaye alikuwa amezipekua karatasi zote, alikuwa ametazama madoa tu.

— Hamjausoma? akauliza Marlene.

Mimi sikuwahi kupokea lori wala kulirudisha bila kutia bambo. Ila michezo minne ya rafiki yangu nimeisifia kwenye benchi hili bila kuonja punje. Niliona haya, sisemi uongo.

— Miaka kumi na moja, Pazia akasema, taratibu, hana hasira. Mnaniuliza wamejibu nini. Hili la Marlene hamjaniuliza.

Daktari akasogea, akampisha nafasi katikati.

— Basi kaa usome, akasema.

Pazia akabaki amesimama kidogo, karatasi kifuani. Kisha akakaa, akautafuta ukurasa wenye doa. Akaanza kusoma. Mjane anaandaa meza, kila jioni anaweka sahani mbili. Binti yake amekuja kutoka mbali, anaziona, anauliza ya pili ya nani. Mama anaifuta sahani kwa aproni, anairudisha palepale. Ukurasa ukaishia hapo.

Marlene alikuwa bado ameshika birika, na ndani wateja wanamwita.

— Ya nani? akauliza Daktari.

Pazia alilowesha kidole, akafungua thelathini na mbili.