Uyoga Uliokosa Kofia

YAH: UKAGUZI WA UYOGA USIOFANANA NA UYOGA, CHUMBA NAMBA TATU. Ndivyo barua ya ofisi ya mtaa, wenye chumba, ilivyoanza, ina mihuri miwili na nakala kwa watu saba, na Fundi Saa aliisomea benchini hadi kahawa ikampolea mkononi. Chumba chenyewe kiko hatua kumi nyuma ya benchi letu la kahawa. Marehemu mkewe alipanda uyoga humo miaka kumi na minane, kwenye mifuko ya majani makavu iliyoning'inia darini. Tangu tumzike, Fundi anamwagilia mwenyewe, ila uyoga unatoka na shingo ndefu kama mirija, kichwani hamna kitu. Barua ilikuwa wazi: usiporekebishika ndani ya siku kumi na nne, chumba kinageuzwa stoo ya viti vibovu vya mikutano.

Wembe, kinyozi wetu, alisema uyoga unarefusha shingo unamchungulia mama yake. Bwana Waraka, tarishi mstaafu anayeuamini mhuri kuliko daktari, alimkatiza.

— Mwanga unapenya. Uyoga ni kitu cha giza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi wiki nzima tukaziba. Gunia chini ya mlango, magazeti kwenye tundu la hewa, nta kwenye tundu la ufunguo. Fundi akawa anamwagilia kwa kupapasa. Shingo zikazidi.

— Bado kuna ufa, alisema Waraka.

— Mzee, kilichobaki ni kumziba Fundi macho, alisema Wembe.

— Mstahimilivu hula mbivu.

— Mbivu ipi? Hii ni mirija.

Wembe akahamia kwenye minara ya simu, kwamba inauvuta uyoga juu kama sumaku. Waraka akadai uyoga umesikia habari za barua na umeingiwa na woga. Zamani upuuzi wa namna hii haukufika mbali, kulikuwa na mtu wa kuukata. Fundi aliweka kikombe chini.

— Wakikichukua hicho chumba, mimi nitamkumbukia wapi? Nyumbani tulikuwa tunalala tu. Maisha tuliyaishi hapa.

Aliyemjibu ni mwalimu wa sayansi, mgeni mtaani, aliyekuwa akisubiri saa yake itiwe betri. Alituomba radhi kwanza, kisha akasema uyoga unahisi mwanga.

— Bila macho? aliuliza Waraka.

— Bila macho, mzee. Ndani yake mna protini iliyokumbatia chembe ndogo inayonasa mwanga wa buluu. Mwanga ukiigusa, ile chembe inajishikiza kwenye protini, na protini inabadilika umbo. Umbo jipya ndiyo taarifa yenyewe. Protini ya jirani inaipokea, inapitisha mbele, mpaka uyoga unajua umefika nje, ufungue kofia. Kukiwa giza, unajiona bado uko chini, unazidi kupanda.

— Kama springi ikiachia gurudumu, alisema Fundi polepole.

— Hivyo hivyo, baba. Sasa niambieni, mama alikuwa akifunga mlango?

Tuligeuka kuutazama mlango. Miaka kumi na minane mlango ule ulikuwa wazi tangu asubuhi, naye ameketi kizingitini, mgongo kwenye uyoga na uso kwetu, maana asingekubali ubishi wowote umpite. Akimsahihisha Waraka methali zake. Akimuuliza Wembe hiyo mechi anayoisimulia aliiona kwa macho gani. Tulidhani yuko kwetu, kumbe na uyoga ulikuwa unafaidi mwanga wa mlango. Siku ya mazishi Fundi aliufunga mlango asikione kizingiti kitupu, na sisi sote tulimwona akiufunga, tukaita heshima.

Kesho yake asubuhi Fundi alitoa gunia, akaufungua mlango, akauacha wazi. Siku ya tano uyoga mpya ulitoka na kofia. Chumba hakikuchukuliwa.