Maneno ya Kumpelekea Mama wa Mwalimu Tsai

Mgeni wetu rasmi, kiongozi wa ujumbe wa kilimo kutoka China, Komisere wetu, wakubwa wa chama na wa serikali, mapadri na masista, wazazi na majirani wote wa Bigo:

KARIBU

Sisi wakulima wa mpunga wa bonde hili, wanaume kwa wanawake, tunasimama mbele yako kwa heshima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi umekuja. Tusikilize, upate kujua tunaumwa wapi.

Mama Wivine, aliyekuwa akisoma risala, alifika hapo akatua. Mwaka ulikuwa wa sabini na saba, Zaire ile ya majina mapya, na ofisini yeye aliitwa citoyenne Uvoya, yaani raia Uvoya. Bondeni hakuna aliyemwita hivyo ila siku za kulipa kodi. Kwao ni Mahagi, kando ya ziwa. Aliletwa Bunia akiwa bibi arusi, akabaki mjane, na wakulima walimchagua kuwa msemaji wao kwa sababu sauti yake haikujua kutetemeka. Leo ilitetemeka. Na nani asingetetemeka? Asubuhi ile ile walikuwa wamekwisha kuharibu mambo.

Mama Gertrude, mkulima mwenzake, ndiye aliyeanza, masikini, kwa wema wake tu. Sandukuni mwake alikuwa na bendera ya Wachina aliyoachiwa zamani, ameitunza kwa naftalini isiliwe na mende: nyekundu, na pembeni kipande cha bluu chenye jua jeupe. Aliposikia Mchina anakuja, akaipiga pasi, akaifunga juu ya tao la maua, akarudi nyuma kuitazama na kufurahi. Komisere, mkuu wa serikali wa pale, alipofika kukagua, almanusura azimie.

“Mama! Hii bendera ni ya nani?”

“Ni ya Wachina, mukubwa.”

“Wachina gani?”

“Aka! Kwani Wachina iko wa ngapi?”

Komisere aliishusha kwa mikono yake mwenyewe, akaikunja ndani ya koti, ndipo akawaeleza kwa hasira. Wachina wako pande mbili za maji, wa bara na wa kisiwani. Walipigana wenyewe kwa wenyewe, na mpaka leo kila upande unasema nchi yote ni yake, na manowari za Waamerika zimepita kati yao kuwatenga. Walimu wa kwanza wa mpunga, wale wa bendera hii, walikuwa wa kisiwani. Serikali ilikwisha kuwaaga, ikashika urafiki na wa bara. Mgeni wa leo ni wa bara. Akisikia neno moja la kisiwa, mbegu zitaondoka, pampu itaondoka, na weye Wivine utajieleza ofisini. Basi mwanzo wote wa historia ukatolewa katika risala. Kisha akaamuru matawi ya mitende yasimikwe kuzunguka kaburi la Mwalimu Tsai, mmoja wa wale wa kisiwani, pale ukingoni mwa shamba, mgeni adhani ni pambo.

Bendera, sawa. Mambo ya wakubwa. Lakini hilo la kaburi Wivine hakuliafiki moyoni.

HISTORIA YETU

Bonde hili lilikuwa la matete na mbu. Baba zetu walilipita wakienda mahali pengine. Leo ni shamba, na kila mwaka lina kijani mara mbili. Shukrani zetu ni kwa urafiki wa nchi yako na nchi yetu, ulioanza miaka hii ya karibuni.

Uongo mtupu! Nusu ya watu waliokaa kwenye viti walitazama miguu yao. Watoto wadogo wa Bigo walijua nani alilifungua bonde: Mchina mfupi aliyekunja suruali hadi magotini, akaingia matopeni kabla yao, akawafundisha kusimamisha maji shambani kwa kingo za udongo, na akajifunza kula ugali wa muhogo kwa sombe, mboga ya majani yake, kama mtu wa kwao. Wivine aliona aibu ikimpanda usoni. Akasubiri Katsuva atafsiri.

Huyu Katsuva alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa Butembo aliyehamia na familia yake, Kifaransa chake cha kupigwa pasi. Wivine akisoma sehemu moja, yeye anaigeuza Kifaransa. Kijana wa Kichina aliyekaa karibu na mgeni anaigeuza tena Kichina. Mgeni mwenyewe alikuwa mzee mwembamba, kofia ya kitambaa kichwani, jina lake Bwana Liou. Alikaa wima akisikiliza, mikono juu ya magoti.

KAZI TULIYOFANYA

Mwaka uliopita tulivuna mchele wa kulisha nyumba zetu zote. Uliobaki ulikwenda Ariwara sokoni, na mwingine Mongbwalu kwa wachimbaji wa dhahabu, watu wanaojua kula kuliko kulima.

Mgeni alicheka hapo, na Katsuva hajafungua kinywa. Wivine akadhani ni adabu tu. Mgeni mwema hucheka wenyeji wakicheka. Akaendelea.

MAGUMU

Pampu imekufa, na fundi wake hayuko. Kiangazi maji yanakatika. Ndege wanashuka mpunga ukianza kuiva, na wanawake wetu wanashinda shambani wakipiga mabati hadi sauti zinawakauka.

MAOMBI

Tunaomba pampu nyingine, tunaomba mbegu zile za muda mfupi, tunaomba vijana wetu wafundishwe kutengeneza mashine.

Ilibaki baraka tu, na jina la shirika. Komisere alikwisha kuweka mikono tayari kupiga makofi. Wivine akainua macho, akaona matawi ya mitende yakitikisika kwa upepo, mabichi, mazuri, na chini yake mtu.

Akamkumbuka Sylvestre, mdogo wake. Sylvestre alivuka ziwa kwenda kuuza samaki upande wa Uganda, na akiwa kule askari wa nchi hizi mbili wakagombana, ziwa likafungwa. Akaugua huko, akafa huko. Waliomzika walikuwa watu wema, lakini walizuiwa kuvuka. Mama yao kule Mahagi aliendelea kumtengea chakula kila jioni, misimu miwili ya mvua, na alipokuja kuambiwa hakulia kwanza. Aliuliza tu kwa nini walimwacha apike hivyo. Swali lile Wivine hakulisahau. Ee Mungu, nani angelisahau?

Akaibana karatasi kifuani. Akasema bila kuitazama.

“Mgeni wetu rasmi, liko ombi moja ambalo halikuandikwa. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Pale kwenye matawi pamelala mtu wenu. Jina lake Tsai.”

Kiti cha Komisere kililia. Wivine hakugeuka.

“Ndiye aliyetufundisha mpunga. Alitoka kisiwani, ndiyo, lakini alizaliwa upande wako, kijiji cha wavuvi karibu na mji wa Amoy. Akiwa kijana alivuka asubuhi kupeleka samaki kisiwa kidogo cha karibu, kilichoshikwa na hao hao wa kisiwani, na kabla hajarudi majeshi yakayafunga maji. Akabaki kule. Alituambia kwamba akisimama ufukoni aliiona milima ya kwao kwa macho yake. Mizinga ilipigwa juu ya yale maji, siku moja inapiga, siku moja inanyamaza, na barua hata moja haikupita. Halafu wakubwa wa kisiwa wakamtuma kwetu. Homa ikamshika, akafa mikononi mwetu.

“Sisi hatujui kisiwa ni cha nani. Wakubwa wa dunia wagombanie bahari, ndiyo kazi yao. Sisi watu wa bonde tunajua hivi: mtu akifia ugenini, waliomzika wanakwenda kuketi chini mbele ya mama yake na kumwambia. Bila hilo kilio hakifungwi. Chetu hakijafungwa, huu mwaka wa sita. Tuliwaambia wenzake; nao walikuwa hawana njia ya kuvuka, na sasa wameondoka. Wewe unayo njia. Mama yake anaitwa Ong Kim. Kama yuko mzima, bado anamngojea. Pampu mkitunyima, tutabeba maji kwa ndoo. Lakini umwambie.

“Mungu akulinde barabarani na baharini, akukutanishe na wako ukiwakuta wazima. Tuliosema haya ni sisi sote, Shirika la Wakulima wa Bonde la Bigo, Bunia.”

Hakuna aliyepiga makofi. Komisere alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Katsuva akafuta jasho, akasimama, akatafsiri. Wivine alisoma kidogo kwa masista, Kifaransa cha kutosha kujua kinachosemwa: akasikia pampu, akasikia mbegu, akasikia urafiki udumu milele. Kisha Katsuva akainama, akakaa.

“Katsuva,” akamnong'oneza, “na mama?”

“Dada yangu, niko na batoto. Nyamaza, nakuomba.”

Wivine hakumkasirikia. Angemkasirikia vipi? Watu walikuwa wakiitwa ofisini kwa maneno madogo kuliko haya, na Katsuva alikuwa na sita wa kulisha. Lakini machozi yalimtoka palepale mbele ya watu, kwa sababu alikuwa amesema neno zito kuliko yote ya maisha yake, nalo limeangukia njiani kati ya kinywa na sikio.

Kijana wa Kichina alikwisha kuanza kumnong'oneza mgeni. Mzee akamzuia kwa mkono. Akasimama.

“Ndugu mwalimu,” akasema, “nadhani umechoka. Umemwacha mama mmoja nyuma.”

Kwa Kiswahili! Kiswahili safi cha Tanzania, kimetoka katika kinywa cha Mchina, na umati wote ukaguna kwa pamoja. Kumbe Bwana Liou alikaa miaka kule akijenga reli na vibarua, na huku hakuna aliyemuuliza. Katsuva alijifunika uso kwa mikono miwili.

Kijana wa Kichina alimvuta mzee mkono wa shati, akamwambia jambo la haraka kwa lugha yao. Mzee akamjibu neno moja, na kijana akamwachia.

“Kazi yangu siku hizi ni kupanda mpunga,” alisema Bwana Liou, “lakini popote ninapokwenda natumwa pia kusema jambo hili: kisiwa kile na bara ni nchi moja, watu wake ni watu wetu. Nimelisema Dar es Salaam. Nimelisema Kinshasa, watu wakapiga makofi. Hakuna hata siku moja mtu aliyenidai nilitimize.”

Akageuka kuyatazama matawi ya mitende. Alikuwa anapumua kwa shida, mzee wa watu.

“Kama ni nchi moja, basi marehemu ni wetu, na msiba ni wetu, na mimi nimefika hapa nikala kuku wenu huku nimempa maiti wetu mgongo. Mama, naomba radhi. Kwenu, anayepokea habari hukaa wapi?”

“Chini, Baba,” Wivine akajibu. “Kwenye udongo.”

Bwana Liou akashuka jukwaani, akaenda hadi kwenye matawi. Akayang'oa mawili, akayalaza kando kwa upole, msalaba wa mti ukaonekana na jina la Tsai. Kisha akakunja magoti yake ya uzee, akaketi udongoni na suruali yake safi.

“Sikiliza,” akamwambia Wivine. “Sijui kama mama huyo yu hai. Kwetu nako imepita miaka mibaya, na wazee wengi hawakuivuka. Nikirudi nitamtafuta mwenyewe, na nisipomkuta nitatafuta kaburi lake. Pampu siwezi kuahidi, ni ya wakubwa. Hili ni langu. Niambie mimi kama ambavyo ungemwambia yeye.”

Wivine akaketi mbele yake. Watu wa ziwa wana desturi: anayepokea msiba kwa niaba ya mwingine huitwa kwa jina la yule mwingine, awe nani, na hujibu kama yeye, ili maneno yasipungukiwe njiani. Akamweleza mzee hivyo kwa sauti ya chini. Mzee akavua kofia, akakubali kwa kichwa. Nyuma yao viti vikaanza kusogea, mmoja mmoja, watu wakishuka chini. Hata Komisere aliondoka kwenye kiti chake, kwa sababu mbele ya kilio mtu hakai juu, awe mkubwa wa nini.

“Mama Ong,” Wivine akamwambia yule mzee, “siye tunatoka mbali. Mutoto wako amekufa. Siye ndiyo tulimuosha, siye ndiyo tulimuzika. Hakulala njaa kwetu. Hakufa peke yake; nilikuwa nimemushika mukono, na alikuwa anakuita.”

Bwana Liou akaweka kiganja juu ya udongo wa kaburi.

“Nimesikia,” akasema. “Asanteni kwa kumzika mwanangu.”

Ndipo wanawake wa bonde wakapaza sauti, wakamlilia Mwalimu Tsai kilio cha kufunga.