Walimkataza Agnesi Kupanda Ndege

Asifiwe Bwana aliyenitoa gerezani! Ndugu zangu wa Lubaga, wengine mnaniona mgeni, maana tangu nilipotoka hapa nimetangatanga Kisumu, Arusha, Bukavu, na kila mji nilioingia niliutafuta kwa macho mlima huu wa kanisa letu. Leo nashuhudia nikiwa na hasira. Sitaificha.

Wakati wa utawala wa wanajeshi, mwanangu Yosefu alianza kutokwa damu puani bila kuumizwa. Mwili ukajaa madoa. Daktari wa misheni akatuambia kwamba uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, umekauka. Angepona tu kwa kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, huko Ulaya. Lakini si mtu yeyote! Kinga ya mwili, alisema, ina alama zake, na mtoto hurithi nusu kwa baba, nusu kwa mama. Uboho wenye alama tofauti ungeuona mwili wa Yosefu kuwa adui, uushambulie. Wakatupima sote. Mimi sikufaa, mama yake hakufaa. Agnesi, dada yake mdogo, alilingana naye kabisa. Tulilia kwa furaha, ndugu zangu!

Ikabaki ruhusa ya kusafiri. Hapo tukakutana na shetani aliyevaa sare.

Wakati ule familia ikitaka kwenda nje, askari walizuia mtoto mmoja ili wengine warudi. Na walimchagua nani? Ofisa alikuwa akitafuna karanga. "Mgonjwa aende na mama yake. Hii mzima inabaki. Nyinyi watu ya kaskazini mnatoroka na watoto yote!"

"Afande," nikasema, "bila huyu safari haina maana. Kaka yake atapona kwa uboho wake."

Akamtazama Agnesi, akacheka mpaka karanga zikamtoka mdomoni. "Hii kifaranga? Chukua koplo wangu! Angalia shingo! Huyu ana damu ya kutosha Ulaya mzima."

Koplo akasogea, kifua mbele, akakunja mkono wa shati. Hakuwa anatania, jamani!

Mke wangu akauliza, "Afande, koplo wako nimemzaa mimi?"

"Mama, damu si ni damu tu?"

"Kama hakutoka tumboni mwangu, na baba yake si huyu, uboho wake utamuua mwanangu."

"Basi atakufa. Mtoto inabaki."

Nikapiga kelele, "Nizuieni mimi!" Sikuwa nimepanga. Ofisa akanipima kwa macho kama ng'ombe wa mnadani, akakubali. Wanangu wakapanda ndege. Mimi nikatupwa seli, nyuma ya kambi.

Mle nilipigwa kwa kuimba, nikapigwa kwa kunyamaza. Nilimkasirikia Mungu waziwazi. Nilimwambia, "Yosefu akifa, usinitafute tena!" Ndugu zangu, Yeye peke yake mle ndani hakunipiga. Siku moja mtawa aliyetuletea uji akaninong'oneza, "Uboho wa Agnesi umeshika. Yosefu anatengeneza damu yake." Nikaanguka kifudifudi sakafuni. Haleluya!

Halafu yule ofisa akatoweka. Walikuwa wakilana wenyewe kwa wenyewe. Mkubwa mpya akauliza, "Huyu kosa lake nini?"

Askari wakatazamana. "Yeye ni badala ya mtoto, afande."

"Mtoto gani?"

"Ile ilienda Ulaya kutoa damu ya mifupa."

"Toa hawa wendawazimu mbele yangu! Wewe na yeye!"

Hivyo ndivyo Bwana alivyonifungulia mlango! Nilivuka mpaka kwa miguu, na Kisumu, ambako mama yao aliwaleta kutoka Ulaya kunisubiri, nikamkuta Yosefu akigombana na Agnesi juu ya kipande cha muwa, wote wawili wakipiga makelele. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Lakini hasira haijaisha. Watoto wangapi walizuiwa, na hawakupata mtu wa kukaa mahali pao? Nauliza hapa kanisani, na namuuliza Mungu kila siku. Ndugu yangu, kama nawe una hasira ya namna hii, usiiache mlangoni. Ingia nayo, umwambie yote. Mimi nilimtukana, akaniokoa. Nisaidieni kumshukuru!