Mtihani wa Janelle Uliofanywa na Benchi Zima

Benchi la nje ya duka la donati la Verna, mjini Toledo, lina mguu mmoja wa matofali, na wanaolikalia nao si wazima sana. Asubuhi hiyo ya Agosti, Odell, fundi wa breki za malori, hakutulia. Aliketi, akasimama, akaketi tena, kahawa ikimwagikia viatu. Chuo kimempangia bintiye Janelle darasa la kalkulasi, lile linalowatoa jasho hata wanaopenda hesabu, na masomo yanaanza Jumatatu. Akifeli, ufadhili umekwenda na maji. Tangu jana binti hamsemeshi.

— Kaa chini bwana, unatutia kizunguzungu, alisema Jaji, mtu aliyeitwa mahakamani mara moja kuwa mzee wa baraza na hajaacha kusimulia.

— Nikae vipi? Si nyinyi mlionifikisha hapa?

— Mtoto kapewa darasa la juu, wewe unanuna. Wenzako wanalitafuta.

— Walisema ule mtihani wa kumpangia darasa aufanye peke yake, Jaji.

— Hayo husemwa tu, alidakia Profesa, aliyesoma chuo muhula mmoja kisha akaishia ghalani. Mtihani wa kufanyia nyumbani, kwenye kompyuta, bila msimamizi. Hapo wanataka familia ishirikiane.

Na kweli siku ya mtihani walishirikiana, hapohapo kwenye benchi. Profesa alishika maswali ya pembe za jometri, Jaji akampigia simu mpwa wake mhandisi, Odell akakamata ya sehemu. Janelle alibonyeza alichoambiwa.

— Kosa ni la ule mtihani wa hesabu wa sekondari, alisema Jaji. Mtoto kapata tatu kati ya tano, chuo kinataka nne ndipo kimsamehe somo. Nani kaamua tatu si kitu? Wauza vitabu! Aliyesamehewa somo hanunui kitabu.

— Vitabu kitu gani? alisema Profesa. Kompyuta ilitusikia, Odell. Ilijua tuko wanne hapa benchi. Imejumlisha akili za wote, ikampa mzigo wa watu wanne.

— Acha hizo, Profesa.

— Sasa wewe eleza.

Odell alisimama tena. Janelle alikuwa anavuka barabara, kompyuta kwapani, macho mekundu.

— Nimeongea na mshauri wa chuo, alisema bila salamu. Naweza kurudia mtihani. Mwisho leo jioni.

— Vizuri, alisema Jaji akisogea kumpisha. Keti, nimpigie mpwa wangu.

— Sikai, Mzee Jaji. Nitaufanya chumbani, nimefunga mlango.

— Wakikurudisha darasa la chini la aljebra je? aliuliza Odell. Utachelewa mwaka mzima, mama. Mimi nilitaka uanzie juu. Niliogopa.

— Najua uliogopa. Nataka kuuliza kitu kimoja tu, baba. Ulidhani mimi peke yangu ningepata ngapi?

Profesa aliinamia kikombe chake. Jaji aliirudisha simu mfukoni. Odell alilikumbuka kila swali na nani alilijibu, ila hakukumbuka hata moja ambalo Janelle aliachiwa.

— Sijui, mama, alisema.