Mererid Bebb, Aliyeitwa Tingatinga

Ndugu, majirani na nyote mliofika katika kanisa hili la Soar leo Ijumaa, tarehe 15 Novemba 2024, familia imempa Ithel Gittins, mdogo wa marehemu na ndugu yake pekee, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake, na kwa kuwa msomaji wa historia ya marehemu hajitaji kwa "mimi", mtamsikia humu akitajwa kwa jina kama mtu mwingine, utaratibu ambao leo unamfaa kuliko anavyostahili.

Mererid alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 katika shamba la Esgair Wen, juu ya kijiji chetu cha Llanwenfyl, theluji ikiwa imefika usawa wa madirisha na mkunga akiletwa kwa trekta, akiwa mtoto wa kwanza wa Tegwyn na Olwen Gittins, wafugaji wa kondoo. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1952 hadi 1958, akaendelea na sekondari mjini hadi 1965, kisha akaenda Cardiff kusomea usanifu wa majengo na kuhitimu mwaka 1970, mtu wa kwanza katika ukoo kuvaa joho, na baba yake akawa anatembea na picha ya joho lile mpaka kwenye mnada wa kondoo, akiwaonyesha watu ambao hawakuomba kuiona.

Tarehe 1 Aprili 1974 aliajiriwa na kaunti katika ofisi ya majengo ya kale, na kazi yake ikawa kuzunguka parokia kwa parokia, kuingia kwenye nyumba, makanisa, vinu na mazizi, na kuandika maelezo ya kila jengo lililostahili kuingia kwenye orodha ya yale yanayolindwa na sheria, maana likishaingia humo mwenyewe habadilishi hata dirisha bila kibali. Benchi mlizokalia zipo kwa sababu yake, wazee wa kanisa walitaka kuziuza mwaka 1985. Kijijini kwetu mtu hupewa jina la kazi yake, basi akaitwa Mererid Madirisha, kwa mapenzi kidogo na hasira nyingi, hasa baada ya kumzuia Mansel mchinjaji kuweka madirisha ya plastiki, na Mansel akamfokea mbele ya foleni nzima dukani, "Wewe mama, baridi hii utakuja kuilala wewe?" naye akajibu, "Nitakuja na blanketi langu, Mansel, lakini dirisha haling'oki," foleni ikaangua kicheko, na dirisha halikung'oka.

Alifunga ndoa humu kanisani tarehe 12 Juni 1976 na Elwyn Bebb, mpiga kinanda wetu, aliyetangulia mwaka 2011, wakajaliwa binti mmoja, Heledd, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1979 na ambaye ameketi hapa mbele.

Karatasi ya kwanza ya historia hii, iliyoandaliwa kwa nia njema, ilisema kwamba mwaka 1989 marehemu "alihamishiwa idara nyingine", kisha ikaruka mpaka kustaafu. Ithel ameifuta sentensi hiyo, na anawaomba mvumilie kidogo, kwa sababu amekuwa akiukwepa ukweli kwa miaka thelathini na sita na ulimi wake haujauzoea.

Jumapili, tarehe 16 Oktoba 1988, baada ya ibada, Mererid alikuja Esgair Wen kula nyama ya kondoo na viazi pamoja na Ithel, aliyekuwa amerithi shamba, na Luned mkewe, na watoto wao wawili waliokuwa wakibanwa vifua mwaka mzima kwa unyevu wa kuta zile. Baada ya chakula alipanda darini kutafuta sanduku la mama, plasta ikamegeka mkononi mwake, na nyuma yake akakuta nguzo mbili za mwaloni zilizopinda, zilizopasuliwa kutoka gogo moja na kukutanishwa kileleni, nyeusi kwa masizi ya enzi ambazo moto ulikokwa katikati ya sakafu na bomba la moshi halijajulikana. Wote tulidhani nyumba ile ina miaka mia, kumbe ilikuwa na zaidi ya mia nne, na yeye aliyepekua dari za kaunti nzima hakuwahi kupekua ya kwao, kwa vile kwao ni kwao, nani akuchunguze. Alishuka ngazi uso umejaa chokaa, analia na kucheka, na kwa furaha hiyo akasema neno ambalo kazi yake ilimkataza kumwambia mwenye nyumba yeyote kabla ya barua rasmi: "Ithel, naiandika kesho. Barua itakufikia Jumanne ya wiki ijayo, na ukishaipata usiguse hata msumari. Usiogope lakini, unyevu huu tutautibu, nitakuwa na wewe hatua kwa hatua."

Ithel akasema, "Sawa, dada."

Jumamosi, tarehe 22, Ithel alikodi tingatinga, na kabla ya mchana Esgair Wen haikuwepo tena. Mererid alipopigiwa simu na jirani alikuja akasimama getini kwenye matope, akaitazama ile mialoni imelala chini imevunjika, na hakumwuliza ndugu yake kitu chochote isipokuwa, "Watoto wako wapi?" na alipoambiwa wako kwenye karavani, kile kibanda cha magurudumu, nyuma ya zizi, alikwenda akawawashia jiko.

Tarehe 28 Novemba Ithel alifika mbele ya kamati ya kaunti kuomba kibali cha kujenga nyumba mpya, akijua kwamba kamati ikisikia alibomoa huku ameshaambiwa, kibali hakitoki na watoto watalala karavani miaka. Mwenyekiti alitaka kujua kama alikuwa na habari ya thamani ya nyumba ile, na Ithel akasimama akasema, "Dada yangu mwenyewe aliikagua, akaniambia hamna kitu mle." Mererid alikuwa ameketi benchi la nyuma. Mwenyekiti akamgeukia, "Bibi Bebb, ni kweli?" ukumbi mzima ukamgeukia, naye akasema, "Sina la kuongeza, mwenyekiti."

Kibali kikatoka. Januari 1989 marehemu aliondolewa kwenye ukaguzi, kwa kuonekana ameikagua vibaya nyumba ya ndugu yake, akapewa meza ya kugonga mihuri kwenye barua zinazoingia, na hapo alikaa mpaka alipostaafu mwaka 2007, hakuruhusiwa tena kuingia kwenye dari ya mtu. Kijiji nacho kikambadilishia jina, akawa Mererid Tingatinga, yule anayewakataza wenzake dirisha huku ndugu yake akivunja nyumba nzima kwa baraka zake, na Heledd kwenye basi la shule akawa Mtoto wa Tingatinga. Jina hilo lilitamkwa dukani Ithel akiwepo, watu wakacheka, naye akawa anasoma maandishi kwenye kopo la maharage. Na kila Krismasi dada yake alikuja kwenye nyumba ile mpya, akavua koti, akasema, "Hapa pana joto," na hakuwahi kusema zaidi ya hapo.

Machi 2022 aligundulika kuwa na uvimbe kwenye kongosho, akatibiwa kwa muda mrefu, na mwezi uliopita Ithel alimtembelea hospitalini akiwa ameamua kulimaliza, akaanza, "Dada, kuhusu kile kibali," naye akamkatiza, "Ithel, mifereji ya paa umesafisha? Majani yameshaanza kuanguka," na Ithel akashukuru kimoyomoyo, Mungu amsamehe, wakazungumza mifereji mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Mererid alifariki Jumapili, tarehe 3 Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Jumanne wiki hii, jikoni kwa Heledd, Ithel alimweleza binti huyo mambo haya kwa mara ya kwanza. Heledd akasema, "Mjomba, Mama alikufa anaitwa vile." Ithel akasema ndiyo. "Basi utasoma wewe, na utasoma yote. Ukiruka mstari mmoja nasimama." Heledd anayo nakala mkononi.

Basi ijulikane kwamba Mererid Bebb hakusema hamna kitu mle, alisema kipo, na alilia akisema, na aliyedanganya ni Ithel Gittins, aliyejijengea nyumba yenye joto kwa jina la dada yake. Mwenye tingatinga ni yeye, hilo jina mpeni yeye. Anaona aibu, na aibu kubwa zaidi ni kwamba amesubiri mpaka siku ambayo marehemu hawezi kumsikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliowalisha kondoo wiki hizi, wenzake wa ofisini waliofika leo na ambao sasa wanajua, na wale wachache mliomwita kwa jina lake miaka yote. Chai na mkate wa zabibu vipo chumba cha nyuma, na asiyetaka kukaa meza moja na msomaji hatalaumiwa.

Pumzika sasa, dada, katika ile amani ambayo ndugu yako alikunyima ulipokuwa hai.